Zamu Yangu Chini ya Mteremko

Desemba 2
Daftari hili nimepewa na Mwalimu Saveta. Amesema kila siku niandike nani ameteleza na kama kuna aliyeumia. Nimemwambia mimi Gavril nilisoma madarasa manne tu, tena la nne niliishia katikati kwa sababu ya ng'ombe. Akasema madarasa manne yanatosha kuandika ukweli. Mdomo anao, huyu binti wa mjini.

Jambo lenyewe ni hili. Watoto wetu wanateleza thelujini kwa sleji, vile vigari vya mbao vyenye miguu ya chuma, nyuma ya kanisa, kama nilivyoteleza mimi na alivyoteleza baba yangu. Mteremko unaishia barabarani, na barabara hiyo ndiyo ya malori ya magogo yanayotoka msituni. Mwaka jana lori lilisimama hatua tatu tu kutoka kwa watoto wawili. Halmashauri ikataka kuweka uzio. Nikasimama mkutanoni nikawauliza, watoto watateleza wapi, kitandani? Nitasimama chini ya mteremko mimi mwenyewe.

Miaka ishirini na miwili nilisimama chini ya mfereji wa magogo huko juu msituni. Mfereji wa mbao, unamwagiwa maji mpaka unaganda, gogo linashuka kama risasi. Wa juu anaita, "Linashuka!" Wa chini akiona njia nyeupe anaitikia, "Lishuke!" Asipoitikia, hakuna anayeachia gogo, hata mkuu wa kambi. Wa chini nilikuwa mimi. Hakuna aliyekufa zamu yangu. Sijisifu, waulizeni waliobaki.

Wakakubali. Walitaka wazazi wapokezane, nikakataa. Mtu mmoja anayejua kazi anatosha.

Desemba 3
Theluji haitoshi. Hakuna aliyekuja. Nimesimama bure kwa saa mbili.

Desemba 5
Theluji imefika magotini. Watoto kumi na wanne. Nimewafundisha kuitana. Wa juu anapiga kelele, "Nashuka!" Mimi chini natazama barabara huku na huku, kisha naitikia, "Shuka!" Nisipoitikia hakuna kushuka. Wameshika upesi. Aliyeshika upesi kuliko wote ni Ilca, mjukuu wangu, ana miaka tisa. Baba yake na mama yake wako Italia wanatunza wazee wa watu. Sisi wazee wao tunatunzwa na simu.

Mwalimu naye alikuja na mambo yake. Kukaa, si kulala kifudifudi. Miguu mbele. Skafu ziingie ndani ya makoti. Mmoja mmoja, si treni. Hayo nimeyakubali. Halafu akasema:

"Babu Gavril, leo nawafundisha kuanguka."

"Mwalimu, hawa wanaanguka tangu walipozaliwa. Hiyo hawahitaji shule."

"Kuanguka kwa kupenda, Babu. Sleji ikikataa kusimama, waiache iende zake, wao wajitupe pembeni."

"Na sleji?"

"Sleji ni mbao."

Ile ya Ilca niliichonga mimi, miguu yake ya chuma niliipinda mimi. Mbao! Mwalimu alipogeuka nikawaambia watoto, mwanamume haachii sleji yake. Wakaanguka kutwa nzima, wakicheka, theluji ikawajaa shingoni. Nikasema moyoni, elimu imefika mwisho.

Desemba 8
Mwalimu anataka njia ipindishwe kushoto ili iishie kwenye konde langu la nyasi badala ya barabarani. Nimekataa. Theluji ikikanyagwa inakuwa barafu, barafu inakaa hadi Mei, nyasi haziamki. Ng'ombe wangu watakula nini, madaftari?

"Nyasi tu, Babu?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba huyo anayesema nyasi tu hajawahi kufuga. Akaondoka bila kwaheri. Au aliaga, sijui. Anaongea kama watu wa mjini, maneno yanaishia kwenye kola.

Desemba 12
Baridi. Watoto tisa. Hakuna aliyeumia isipokuwa magoti yangu.

Desemba 13
Palaga amenifokea jikoni. "Nimekuita mara tatu, we mzee! Ugali umepoa!" Siku hizi mke wangu anaongea chini chini. Nadhani ni meno.

Desemba 16
Watoto ishirini. Nimechoka.

Desemba 20
Siku ya nguruwe. Kila nyumba inachinja, kila mwanamume amekwishaonja horinca, pombe yetu kali ya plamu, kabla ya saa tatu asubuhi, na mimi sikuonja hata tone kwa sababu ya zamu. Niandike hilo vizuri: hata tone.

Watu wazima wakiwa na visu na maji ya moto, nani anatazama watoto? Mimi. Na waliyofanya ni haya. Walichukua hori letu, lile la mbao refu la kumwagia nguruwe maji ya moto, wakalikokota hadi juu, wakapanda sita. Hori halina usukani wala miguu. Lilianza kushuka likiangalia mbele, likageuka ubavu, likamalizia likiangalia nyuma, na watoto ndani wanapiga mayowe ya furaha. Nilikimbia. Mimi, na miaka yangu sabini na minane, nilikimbia nikajitupa mbele yake, likanigonga mapajani, tukasimama sote kwenye ukingo wa barabara.

"Babu, tena!" wakasema.

Palaga alikuja na mikono imejaa mafuta ya nguruwe. "Hori langu! Nimelitafuta uani kama kipofu!" Kisha akaniona nimekaa chini. "Umevunjika?"

"Nimepumzika," nikasema.

Mapaja yamekuwa ya rangi ya plamu. Mwalimu amesoma ukurasa huu akacheka hadi akakaa. Amesema, "Asante, Babu." Sauti yake akipenda inasikika vizuri.

Desemba 25
Hakuna zamu. Nimekula kupita kiasi.

Januari 4
Nuțu, dereva wa lori la magogo, amesimamisha lori na kushuka. Kijana mpana, nilimjua baba yake.

"Mzee Gavril, nimepiga honi mara mbili, hukugeuka."

"Honi yako inalia kama mbuzi mwenye mafua."

"Kijiji kizima kimeisikia."

"Kijiji kizima hakina kazi. Mimi nilikuwa natazama watoto."

Akasema kitu, nikamjibu, "Ndiyo, ndiyo, msalimie mama." Akapanda lori lake.

Malori ya siku hizi hayana sauti. Yale ya zamani ulikuwa unayasikia tangu bonde la pili.

Januari 7
Watoto kumi na saba. Upepo. Vidole vya mguu wa kushoto sivisikii.

Januari 9
Leo nimefanya kazi ya kiume. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mate yanaganda hewani. Nimebeba ndoo arobaini za maji kutoka kisimani, nikajenga kuta za theluji pande zote mbili za njia, nikazimwagia maji, na njia yenyewe pia. Zimeganda kama jiwe. Hakuna mtoto atakayetoka njiani akagonga mti wala nguzo. Hivyo ndivyo tulivyojenga mfereji msituni, na hakuna kijana kijijini humu anayejua tena kufanya hivi. Nikiondoka mimi, ujuzi umekwenda.

Mwalimu alipoona akashika kichwa.

"Babu, umewajengea mfereji wa magogo!"

"Ndiyo!" nikasema kwa fahari.

"Hawa si magogo. Umeona wanavyokwenda kasi?"

"Nimeweka majani makavu chini. Marobota manane."

Akapanda juu mwenyewe, akakaa kwenye sleji ya Ilca, akaita, nikaitikia. Alishuka kama shetani amemsukuma. Robota la kwanza alilipita, la pili akalipasua, akasimama hatua mbili kutoka barabarani na majani mdomoni. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Akasema, "Konde lako, Babu. Nakuomba." Nikaenda kupanga marobota upya.

Januari 11
Nimeongeza marobota manne. Sasa kumi na mawili. Sitaki mtu aseme sikuongeza.

Januari 14
Watoto ishirini na wawili. Wanatoka hata kijiji cha pili kuja kwenye njia yangu. Kila jioni Palaga ananivua mabuti kwa sababu mimi siinami tena. Anasema kitu akiwa ameinamia miguu yangu. Nasema ndiyo.

Januari 17
Ajali. Lori la Nuțu lilikuwa linapita, Ilca akatokea barabarani. Alijitupa nje ya sleji, lori likapita juu ya sleji. Mtulinga wake wa kushoto, mfupa wa begani, umevunjika. Yu hai. Ilca alishuka bila kuitikiwa. Mteremko umefungwa.

Januari 18
Theluji.

Januari 19
Theluji. Mwalimu amekuja kumwona Ilca. Wameongea. Mimi nilikuwa zizini.

Januari 21
Palaga ameniambia karibu na sikio waliyoongea. Mwalimu alimwuliza, "Ilca, kwa nini hukusubiri?" Ilca akasema, "Nilisahau." Mwalimu akasema, wewe, unayewafundisha wenzako kusubiri? "Nilisahau tu." Wazazi wa kijijini wameamua mteremko ukifunguliwa, Ilca hatateleza hadi mwaka ujao, awe mfano. Watoto wamempa jina. Wanamwita Haraka.

Nimekula ugali na jibini.

Januari 23
Kule msituni tulikuwa na desturi. Kila mwanzo wa msimu, kabla ya gogo la kwanza, wa chini anapimwa. Anasimama kwa kuwapa wenzake mgongo, hatua thelathini, na mtu anagonganisha shoka mbili taratibu. Akisikia anainua mkono. Asiposikia anapelekwa jikoni kumenya viazi, haijalishi ni nani, kwa sababu magogo yanaua masikio ya watu na kila mtu analijua hilo. Mtu mmoja aliyekuwa fundi wangu, aliyenifundisha kila kitu, tulimpima, mkono haukuinuka. Nilikuwa na miaka thelathini. Nilimcheka. Nilimpa kisu cha viazi mimi mwenyewe.

Leo asubuhi nimempa Palaga shoka mbili, nikasimama karibu na zizi, mgongo kwake.

"Hatua thelathini," nikamwambia. "Gonga taratibu."

Nikasubiri. Nikatazama ukuta wa zizi, nikasubiri. Kuna msumari mle nilioupigilia vibaya zamani.

"Anza basi!" nikasema. "Baridi hii!"

Nikasubiri tena. Nikageuka. Palaga alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, anagonganisha shoka kwa nguvu zake zote, na machozi yanamtoka.

Januari 24
Ukurasa wa tarehe kumi na saba ni uongo. Sikuufuta kwa sababu Mwalimu ameusoma tayari. Naandika upya.

Siku hiyo theluji ilianguka nzito na upepo ulitoka upande wa kona, kule malori yanakotokea. Watoto wengine walikwenda nyumbani. Alibaki Ilca peke yake, akasema mara moja tu, Babu, halafu twende. Nilitazama barabara mara moja. Theluji ilinipiga machoni, nikaipa kona mgongo. Nikasema moyoni, likija nitasikia. Nimekuwa nikisema hivyo majira yote haya ya baridi.

Ilca alisimama juu. Niliona ameinua mkono, nikajua ameita. Sauti yake sikuisikia. Tangu Desemba sijazisikia sauti zao, nawatazama mikono. Nikaitikia, "Shuka!" Niliitikia kwa sauti kubwa sana, ile ya msituni. Naye akashuka, kwa sababu mimi nilimwambia ashuke.

Lori nililisikia kwa miguu. Ardhi ilitetemeka chini ya mabuti. Nilipogeuka lilikuwa limeshamaliza kona, taa zake zinawaka, na Nuțu ndani ameegemea honi kwa mkono mzima. Nikamgeukia Ilca nikapiga kelele, lakini kwenye njia ile niliyoimwagia maji hakuna kinachosimama. Aliyapita majani yote, marobota kumi na mawili, kama hayapo. Aliliona lori. Niliuona uso wake ulipoliona.

Akafanya kile alichofundishwa na Mwalimu. Aliachia kamba akajitupa kushoto, akabingirika, bega likagonga ukuta wangu wa barafu. Sleji ikaenda chini ya magurudumu. Ingekuwa ni yale niliyofundisha mimi, angekaa ameshika imara. Mimi ndiye niliyewaambia mwanamume haachii sleji yake.

Nuțu alishuka akakaa kwenye theluji barabarani, mtu mzima yule, akafunika uso. Halafu akainuka akanifokea. Niliona mdomo unakwenda. Nikambeba Ilca. Njiani aliniwekea mdomo sikioni akasema, "Usiwaambie, Babu. Watakuondoa." Hilo nililisikia.

Nami sikuwaambia. Siku saba. Nilimwacha mtoto mwenye mfupa uliovunjika anibebee. Walipomwita Haraka nilikuwepo.

Kwa hiyo ieleweke. Ilca alisubiri. Ilca aliitikiwa. Aliyeitikia ni kiziwi.

Januari 25
Nimempelekea Mwalimu daftari. Amelisoma akiwa amesimama, pale mlangoni pa shule. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata na majibu.

Akanisogelea mbele, nione mdomo wake, akasema polepole, "Ukurasa huu utausoma mwenyewe. Jumapili, mbele ya wazazi."

"Mimi sijui kusoma mbele za watu."

"Na yeye hakujua kudanganya mbele za watu. Amejifunza kwa ajili yako."

Zamani ningeondoka. Nimesema sawa.

Januari 28
Nimesoma. Darasani, baada ya kanisa, mbele ya watu kama arobaini, nimebanwa kwenye benchi la watoto. Maneno mengine niliyarudia mara mbili kwa sababu mwandiko wangu mwenyewe ulinikataa. Ilca alikaa mbele na mkono wake kwenye kitambaa, hakuniangalia. Alikuwa amekasirika. Alikuwa ameitunza siri yake vizuri na mimi nimeimwaga.

Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu, au walisema. Kisha Nuțu akasimama, akaja hadi mbele yangu na kuongea kwa kelele kama anaita ng'ombe:

"Mzee Gavril! Wiki nzima silali! Nilidhani ni mimi niliyechelewa kufunga breki!"

Sikulifikiria hilo. Wiki nzima nilijua nimembebesha mtoto. Sikujua nimembebesha na huyu.

"Nisamehe," nikasema.

"Utakoma kutukana honi yangu?"

"Nitakoma."

Watu wakacheka, nami nikawaona wakicheka, na haikuniuma kama nilivyodhani.

Januari 30
Nimevunja kuta zote kwa sururu. Siku nzima. Halafu nimetoa uzio wa konde langu, mti mmoja mmoja. Mwalimu na mama watatu walikuja na koleo, tukaipindisha njia kushoto. Sasa inaishia kwenye konde, mahali tambarare, mbali na barabara, na inajisimamisha yenyewe pole pole kama ng'ombe anayekaribia zizi. Mwalimu alikuwa ameliona hili tangu Desemba na hajamaliza hata msimu mmoja kwenye theluji yetu. Mimi nina misimu sabini na minane.

Sikumwambia hivyo. Nimemwandikia hapa, atasoma.

Februari 2
Mteremko umefunguliwa, na adhabu ya Ilca imefutwa. Wazazi sasa wanapokezana zamu chini. Wawili wawili. Mimi nimepewa kazi ya juu: kukagua miguu ya chuma, kufunga kofia, kuingiza skafu ndani. Ni jikoni na viazi, naelewa. Nimeifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Februari 6
Watoto kumi na tisa. Skafu kumi na tisa.

Februari 11
Hakuna aliyemwita Ilca Haraka leo. Bado haongei nami mezani. Palaga ananiandikia kwenye kipande cha karatasi, PITISHA CHUMVI, ananisukumia, wanacheka wote wawili. Angalau anacheka.

Februari 15
Nimechoka hata kuandika.

Februari 20
Daktari wa mifupa amemfungua Ilca mkono. Kwenye basi nilimwuliza kama bado ana hasira. Akatikisa kichwa, sijui ndiyo sijui hapana, basi lilikuwa linarukaruka.

Februari 27
Theluji inakwisha. Upande wa jua ardhi imetoka. Nimemchongea Ilca sleji nyingine, nzito kidogo, si nzuri kama ile ya kwanza. Leo ameileta mteremkoni mwenyewe, hakuniambia.

Zamu ya chini ilikuwa ya Nuțu, siku yake ya mapumziko, amesimama kondeni na mikono mifukoni. Watoto wengine walishuka. Ilca akabaki wa mwisho, amekaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele, wa pili ameukunja. Alikaa hivyo muda mrefu. Niliona mabega yake yamepanda hadi masikioni, nikajua anaogopa. Mimi pia niliogopa. Nilitaka kumwambia ashuke kwa miguu twende tukale.

Akasema kitu, akiwa ameangalia mbele.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo, ndiyo. Nikaufunga. Nikazunguka hadi mbele ya sleji, nikapiga magoti kwenye theluji iliyoyeyuka, maji yakapenya hadi kwenye nguo ya ndani.

"Sikusikia," nikasema. "Sema tena."

Akanitazama. Akasema tena, taratibu, kwa mdomo mpana kama Mwalimu, "Nisukume, Babu. Mimi siwezi kuanza."

Nikainuka, haikuwa haraka, nikarudi nyuma yake na kumwekea mikono mgongoni. Akaita. Nilihisi sauti yake viganjani. Chini kabisa Nuțu alikuwa mdogo kama msumari, sikuweza kujua amefanya nini.

"Ameitikia?" nikamwuliza.

Ilca aligeuza uso wote upande wangu ili nione.

"Ameitikia."

Nikasukuma.